Nyumba Iko Rehani, Marejesho Yamekushinda: Mwongozo kwa Mkopaji wa Bunagana na Goma

Ukitembea Goma, kuanzia Katindo hadi Majengo, huchelewi kukutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi: "Parcelle hii haiuzwi." Mwenye nyumba anajikinga na matapeli, wale wanaouza kiwanja cha mtu akiwa safarini au ukimbizini. Kwa tapeli, rangi hiyo inasaidia. Kwa mdai ambaye wewe mwenyewe ulimtilia sahihi, haisaidii kitu. Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo: ana nyumba Bunagana, Rutshuru au Goma, aliiweka dhamana, marejesho yamemshinda, na sasa simu ya mtu wa mikopo ikilia anaigeuza kifudifudi mezani.

Kwetu ni wachache mno wanaokopa ili wanunue nyumba. Nyumba hujengwa kidogo kidogo: mbao na bati kwanza, kisha mawe ya lava, chumba baada ya chumba, kila mwaka na uwezo wake. Ikishasimama ndipo inageuka mtaji. Mwenyewe anaiweka rehani apate dola za kuleta saruji, vitenge, sabuni au mafuta ya kula kutoka Kampala kwa njia ya Bunagana. Kwa hiyo anayeshindwa kulipa huku, aghalabu biashara ndiyo iliyokwama. Tarehe 13 Juni 2022 waasi wa M23 waliichukua Bunagana, na wapo wafanyabiashara waliojikuta bidhaa ziko upande mmoja na wateja upande mwingine. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma nayo ikaanguka, mabenki yakafunga milango, na mwenye akiba ndani akawa hana namna ya kuigusa, ilhali tarehe za marejesho ziliendelea kufika zilivyoandikwa.

Rai yangu ni moja, na afadhali niiseme mapema. Si mkopo wa kwanza peke yake unaomtoa mtu nyumbani kwake. Kinachomtoa ni mkopo wa pili, ule wa kuziba wa kwanza, pamoja na miezi ya kunyamaza.

Keti kwanza na karatasi zako

Usimpigie mtu yeyote simu kabla hujajua ulitia sahihi nini. Kama karatasi zilibaki kwenye nyumba uliyoikimbia, omba nakala ya mkataba kwa mkopeshaji. Unachotafuta ni jibu la swali moja: nyumba imeshikwa kwa namna gani?

Inawezekana ni rehani kamili, ambayo kwenye karatasi imeandikwa hypothèque. Hapo una cheti cha usajili, certificat d'enregistrement, na rehani yenyewe imeandikishwa kwa konsavateri wa vyeti vya ardhi. Mabenki makubwa hupenda njia hii. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo rehani ya aina hii inaongozwa na sheria ya pamoja ya dhamana ya Desemba 2010. Mwenye rehani kamili ana njia ya kuifikisha nyumba yako mnadani, ila njia hiyo ina hatua zake, nami nitazieleza.

Lakini wengi wako mahali pengine. Koperative ya akiba au taasisi ya mikopo midogo imechukua faili lako: fiche parcellaire, yaani karatasi ya kiwanja, au acte de vente, hati ya mauzo, iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa kartie. Bunagana, katika grupma ya Jomba, si ajabu kiwanja kuwa na karatasi ya kuuziana na mashahidi tu, bila cheti. Sheria ya dhamana inataka rehani ikae juu ya nyumba iliyosajiliwa. Anayeshikilia acte de vente yako amekushika wewe kwa mkopo, lakini nyumba hajaifikia bado. Itambidi aende mahakamani, apate hukumu, ndipo atafute cha kukamata. Usilisome hili kama ruhusa ya kukana deni, kwa sababu mdai aliyeshinda kesi anaweza kukamata gari, bidhaa dukani, hata fedha zilizo kwenye akaunti. Lisome kama kipimo cha nguvu zako mezani. Naye anaiogopa safari ya mahakama, hasa katika nyakati ambazo mtu hana hakika mahakama ipi inafanya kazi.

Namna ya tatu ndiyo mbaya, na ndiyo inayopatikana haraka: mkopo wa mtu binafsi, ile Banque Lambert ambayo kila Mkongomani anaijua ingawa haina bango wala ofisi. Mkopeshaji anakupa dola usiku huohuo, na kama dhamana anakutaka utie sahihi acte de vente ya nyumba, nafasi ya tarehe ikiachwa wazi. "Ni kwa usalama tu, papa. Ukilipa tunaichana." Usipolipa anaijaza tarehe, na mbele ya shefu anaonekana ni mnunuzi halali.

Kama umekwisha kuitia sahihi karatasi ya namna hiyo, bado hujafungwa mlango. Sheria ya OHADA inaruhusu mkopeshaji na mkopaji wapatane tangu mwanzo kwamba deni lisipolipwa nyumba itakuwa ya mkopeshaji, lakini kwa masharti: mwenye nyumba awe kampuni au mfanyabiashara aliyeandikishwa kwenye rejista ya biashara, na nyumba isiwe ya kuishi. Nyumba unayolala na watoto wako haimo. Tena, sheria ya utekelezaji wa hukumu inasema mdai hauzi nyumba ya mdaiwa ila kwa kufuata taratibu zilizowekwa, na patano lolote la kuzikwepa ni batili. Kazi yako ni kuthibitisha kwamba yale yalikuwa mauzo ya uongo yaliyofunika mkopo. Kusanya ushahidi sasa, kabla hamjagombana: ujumbe wa simu unaotaja riba, risiti za M-Pesa au Airtel Money za kila ulichomrudishia, majina ya waliokuwepo. Na bei: kama karatasi inasema uliuza kwa dola 800 nyumba ambayo jirani yake iliuzwa kwa 9,000, bei hiyo peke yake itamfanya hakimu ainue kichwa.

Ukiwa bado na karatasi mkononi, tazama mambo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza ni sahihi ya mwenzako wa ndoa. Sheria ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987 na marekebisho yake ya 2016, inataka wote wawili wakubaliane kabla nyumba au kiwanja cha ndoa hakijauzwa au kuwekwa rehani. Mume aliyeweka rehani peke yake, au mke, ameacha ufa ambao mwenzake anaweza kuupeleka mahakamani. Asikawie lakini, maana muda wa kulalamika una mwisho.

La pili ni bima ya mkopo. Mikataba mingi ya benki na ya taasisi ndogo hukata fedha kidogo mwanzoni kwa ajili ya bima ya kifo. Mkopaji akifa, bima hulipa lililobaki. Mjane anaweza akahangaika mwaka mzima kulipa deni ambalo kampuni ya bima ingelilipa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Soma pia kipengele cha vita, kwa sababu bima nyingine hazilipi aliyekufa kwa risasi au bomu. Na ikiwa nyumba yenyewe ndiyo iliyokufa, deni linabaki. Mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilimwaga lava juu ya nyumba za watu, na aliyekuwa ameiweka yake rehani alipoteza paa bila deni kupungua hata dola moja. Ulikopa wewe, nyumba ilikusindikiza tu.

Nenda kabla hujaitwa

Mtu wa mikopo ana wakubwa wake, na kila mwezi anatoa hesabu ya faili zilizochelewa. Mkopaji anayekuja mwenyewe, kabla ya tarehe, na hesabu mkononi, anamrahisishia kazi. Yule anayezima simu anamlazimisha aandike ripoti mbaya. Kwa hiyo nenda. Kama uko kambini Nyakabande, au Kampala au Beni, piga simu na uandike.

Usiende kulia shida. Vita anaijua, naye anaishi hapahapa. Nenda na karatasi moja inayoonyesha biashara ilikuwa ikiingiza kiasi gani kabla, sasa inaingiza kiasi gani, chakula na shule vinachukua ngapi, na kinachobaki ni ngapi. Kisha taja unachotaka, kwa sababu "nisaidieni" si ombi ambalo mtu anaweza kulijibu.

Tuchukue mfano. Umebakiza dola 4,800, riba ni asilimia 2.5 kwa mwezi juu ya salio, na imebaki miezi 12. Rejesho lako ni kama dola 468 kwa mwezi. Ukiomba muda ufike miezi 24, rejesho linashuka hadi kama dola 268. Utakuwa umelipa dola 800 na kidogo zaidi hadi mwisho, na huo ndio ukweli wa kuongeza muda: unanunua pumzi, na pumzi ina bei. Ombi jingine ni kulipa riba peke yake kwa miezi mitatu au minne, yaani dola 120 kwa mwezi, mpaka barabara ifunguke au mzigo utoke. Hilo linafaa ikiwa una sababu ya kweli ya kuamini fedha zitakuja, kama vile mteja anayedaiwa na tarehe yake. Kama sababu yako ni matumaini tu, miezi mitatu itapita na salio litakuwa lilelile 4,800.

Ombi la tatu ni kufutiwa faini za kuchelewa. Hapa vita inakupa hoja. Kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo, ambacho mzizi wake ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema mtu hatozwi fidia akizuiwa na nguvu asiyoweza kuishinda. Benki iliyofunga tawi lake haiwezi kwa urahisi kukutoza faini ya kutofika kwenye dirisha ambalo yenyewe ililifunga. Lakini usiivute hoja hii kupita kiasi. Itakusaidia kwenye faini, pengine na kwenye riba ya miezi fulani. Mtaji uliokopa utadaiwa. Nimewasikia watu wakisema barazani kwamba deni la benki iliyokimbia ni deni lililokufa. Faili haliko Goma tu. Liko pia kwenye kompyuta za Kinshasa, na siku milango itakapofunguliwa litakuwa limenenepa.

Ndiyo maana hata usipoweza kulipa yote, lipa kidogo, na uache alama. Mwenye Pepele Mobile ya TMB au Illicocash ya Rawbank kwenye simu yake aangalie kama akaunti yake ya mkopo inafikika kwa njia hiyo. Asiye nayo aandikie tawi lililo wazi katika mji mwingine aulize fedha zipitie wapi, kisha atunze jibu. Usimkabidhi afisa fedha mkononi bila risiti, hata kama mmejuana miaka. Watu huhamishwa, hukimbia, na wengine hufa.

Kila ombi liwe barua, na barua iwe kwa Kifaransa, kwa sababu faili lote ni la Kifaransa na atakayeamua pengine hajakuona kamwe. Andika namba ya mkopo, tarehe ya mkataba, kiasi ulicholipa hadi sasa, sababu kwa sentensi mbili, na pendekezo lako kwa tarakimu. Chapisha nakala mbili. Moja unaiacha, ya pili wanakugongea muhuri wa mapokezi, na tarehe na sahihi juu yake. Yule dada wa mapokezi akikuambia "acha tu, nitampa gérant", tabasamu na uombe muhuri. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayosema kesho kwamba hukukimbia. Ikitumwa kwa barua pepe au WhatsApp, piga picha ya skrini na uitume kwa mtu mwingine aliye nje ya mji, kwa sababu simu huibiwa.

Na wakikukubalia kwa mdomo? Hawajakukubalia. Subiri nyongeza ya mkataba na ratiba mpya ya malipo, na uangalie kama mdhamini wako ametakiwa kutia sahihi tena. Mdhamini asipojulishwa, siku atakayopigiwa simu atakuwa adui yako, na mara nyingi mdhamini ni shemeji.

Mkopo wa kulipa mkopo

Turudi kwenye dola 468. Tarehe imefika, huna, na unajua mahali pa kuzipata jioni hii kwa asilimia 30 kwa mwezi. Mwezi ujao utadaiwa dola 608 na yule wa jioni, na benki itataka tena 468. Umetoka kwenye tatizo la dola 468 ukaingia kwenye la dola 1,076, na safari hii mmoja wa wadai ana acte de vente yako mfukoni. Benki ina taratibu, ina mkurugenzi, ina Benki Kuu juu yake. Banque Lambert ina vijana. Nikiambiwa nichague kudaiwa miezi mitatu na benki au mwezi mmoja na Lambert, sisiti.

Likelemba, ule mchango wa zamu, na AVEC, kile chama cha akiba na mikopo cha mtaani, ni mambo mengine kabisa. Zamu yako ya likelemba ikikaribia, unaweza kuwaomba wenzako mbadilishane nafasi, nao hukubali wakijua sababu. Kwenye AVEC, mgao wa mwisho wa mzunguko ni fedha zako halali. Ila kukopa sanduku la AVEC ili kulipa benki sikushauri. Riba yake inaweza kuwa ndogo, lakini ukishindwa unawaangusha akina mama ambao kesho ndio watakaokuuzia maharage kwa mkopo.

Kabla ya kukopa popote upya, uliza kama mkopeshaji ana kibali cha Benki Kuu ya Kongo. Koperative na taasisi ndogo ziko chini ya usimamizi wake, na mwaka 2011 ilitungwa sheria iliyohusu mikopo midogo. Goma imeshuhudia taasisi zikifunguliwa kwa shangwe na kufungwa usiku.

Ipangishe, au uiuze mwenyewe

Wenye nyumba wengi wa Goma wana kijumba nyuma ya nyumba kubwa, vyumba viwili vya mbao walimoanzia maisha. Kurudi humo na kuipangisha nyumba kubwa ni jambo linalouma mbele ya majirani, na ni mojawapo ya njia bora nizijuazo. Mpangaji hulipa garanti, yaani dhamana ya pango, na sheria ya pango ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi mitatu. Kumbuka kwamba garanti utairudisha siku moja. Usiihesabu kama mapato.

Pango lina faida nyingine isiyojulikana sana. Sheria ya OHADA ya kukamata nyumba ina kipengele kinachosema hivi: mdaiwa akithibitisha kwamba mapato halisi ya nyumba zake kwa miaka miwili yanatosha kulipa mtaji, riba na gharama, na akakubali mapato hayo yaende kwa mdai, hakimu anaweza kusimamisha hatua za kuuza. Chukua dola 4,800 za mfano wetu. Nyumba inayopangishwa kwa dola 300 huleta 7,200 kwa miaka miwili. Hesabu inakubali. Mkataba wa pango ulioandikwa na stakabadhi za miezi kadhaa ndizo zitakazokusemea, maneno matupu hayatoshi.

Kuuza ni neno zito, lakini lipime mapema. Nyumba inayouzwa na mwenyewe, kwa utulivu, hupata bei yake au karibu nayo. Iliyofika mnadani hupata bei ya mnada: sheria ya OHADA ilipoandikwa mwaka 1998 iliruhusu bei ya kuanzia isishuke chini ya robo ya thamani ya nyumba. Robo! Kwa nyumba ya dola 12,000, mwito unaweza kuanzia dola 3,000. Anayesubiri mnada kwa sababu ya aibu analipia aibu hiyo kwa bei ghali sana.

Si lazima uuze yote. Kiwanja kikubwa kinaweza kugawanywa, kipande cha mbele chenye barabara kikalipa deni, nawe ukabaki nyuma. Ikiwa kuna rehani kamili, mdai lazima akubali kwanza. Njia safi ni wewe, mnunuzi na mkopeshaji kukaa pamoja: mnunuzi analipa deni moja kwa moja kwa mkopeshaji, kilichobaki anakupa wewe, na mkopeshaji anatoa hati ya kuachilia dhamana inayoitwa mainlevée. Bila hati hiyo, na bila konsavateri kufuta rehani kwenye rejista, mnunuzi amenunua deni lako.

Sasa tatizo la wakati huu. Mji ukiwa na mamlaka moja na serikali inayotambuliwa ikiwa pengine, kila muhuri una swali nyuma yake. Mnunuzi mwerevu anajua hilo na atakushushia bei. Na wewe, ukiwa muuzaji, unaweza kuitwa baadaye ueleze karatasi zilizotolewa mwaka huu. Ukiweza kulimudu deni kwa pango, subiri. Usipoweza, uza kwa karatasi za zamani ulizokuwa nazo kabla ya vita, mashahidi wa pande zote mbili za familia wakiwepo, na kila ukurasa upigwe picha.

Karatasi ya mjumbe wa mahakama

Siku moja anakuja mtu na bahasha, anataka utie sahihi kupokea. Huyo ni mjumbe wa mahakama, huissier. Watu humkimbia, au humwambia mtoto aseme baba hayupo. Ni kosa. Kutopokea hakuzuii chochote, kunakunyima siku tu. Pokea, andika tarehe na saa, na usome kichwa cha karatasi.

Kama imeandikwa mise en demeure, ni onyo la kulipa. Bado mko nje ya mahakama na mazungumzo yanawezekana. Kama imeandikwa commandement, na inataja nyumba yako kwa namba ya cheti, hiyo ni hatua ya kwanza ya kukamata. Kwa sheria ya 1998 inakupa siku 20 za kulipa. Mdai anaiandikisha kwa konsavateri, na siku hizo zikipita hujalipa, nyumba imekamatwa tangu siku ya kuandikishwa: huwezi kuiuza wala kuiweka rehani tena. Baada ya hapo linaandikwa daftari la masharti ya mnada, unaitwa ulisome na kupinga usichokubali, kunakuwa na kikao, ndipo mnada. Sheria hii ilirekebishwa Oktoba 2023 na toleo jipya likaanza kutumika Februari 2024, kwa hiyo wakili wako asome toleo hilo.

Katika siku hizo 20 fanya haya kwa haraka. Tafuta wakili, chama cha mawakili kina utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, uulize. Linganisha kiasi kinachodaiwa na risiti zako, kwa kuwa makosa ya hesabu ni mengi na kila kosa ni hoja. Kisha mwombe hakimu muda wa hisani. Sheria inamruhusu, akitazama hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai, kusogeza malipo au kuyagawa kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Hapa ndipo zile barua zenye muhuri zinapofanya kazi, maana hakimu anawapa muda watu walioonyesha nia.

Mtu mwingine akija na askari au na vijana wenye silaha badala ya mjumbe wa mahakama, akidai nyumba kwa sababu ya deni, usipigane naye getini. Toa watu ndani kwanza. Waite shefu na majirani washuhudie, piga picha ukiweza kwa usalama, na andika siku hiyohiyo kilichotokea. Nyumba iliyochukuliwa kwa nguvu inaweza kudaiwa miaka mingi baadaye. Nchi za Maziwa Makuu, Kongo ikiwamo, ziliweka mwaka 2006 itifaki ya haki za mali za watu wanaorejea makwao. Itifaki hiyo haitakurudisha ndani kesho asubuhi, lakini bila ushahidi haitakurudisha kamwe.

Nyumba ikiwa ng'ambo, Kisoro

Bunagana ziko mbili, ya Kongo na ya Uganda, na wapo wenye nyumba kote. Nyumba ya upande wa Uganda inafuata sheria nyingine kabisa, ile ya rehani ya mwaka 2009. Huko mkopeshaji anakupa taarifa ya siku 45 za kazi urekebishe, kisha taarifa ya kuuza ya siku 21 za kazi. Anayekwenda mahakamani kusimamisha mnada anaweza kutakiwa kuweka asilimia 30, kwa mujibu wa kanuni za 2012, ya deni au ya thamani ya nyumba ikiuzwa kwa haraka. Andaa fedha hizo kabla ya kulipa wakili. Na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke.

Kwa Mkongomani aliyejenga Kisoro kwa jina la shemeji Mganda, hatari ni nyingine: shemeji anaweza kuikopea, na benki haikujui. Mwandikiane mbele ya wakili wa huko, mkiwa bado mnapendana.

Na kama yote yameshindikana na mnada umekwisha, bado una jambo la kufanya. Bei ya mnada hulipa gharama, kisha mdai, na ziada ni yako. Nyumba ikiuzwa dola 9,000 na deni pamoja na gharama ni 6,200, dola 2,800 zinakurudia. Idai kwa barua, ukitaka hesabu ya mauzo kwa maandishi. Kama bei haikufika deni, taka vilevile karatasi inayosema kimebaki kiasi gani, ili kesho pasitokee mtu na tarakimu nyingine.